Nyumba Tisa za Castiaro

Karani mwenzangu,

Sikujui, na hilo ndilo linalonitisha. Kitabu hiki umekabidhiwa na shangazi Orosia kwa mkono wake, kwa kuwa wewe ndiye uliyeshika kalamu baada yangu katika ofisi ya mji wa Asquera. Nakusihi, usimsomee mtu hata mstari mmoja. Usimsomee padri, wala mke wako kama unaye, wala bwana yeyote wa wilayani atakayekujia na maneno matamu. Yaliyomo yanaweza kunifunga mimi, na yanaweza kumtoa mtu mwingine nyumbani mwake. Soma ukiwa peke yako, mlango umefungwa, kisha umrudishie. Yeye hajui kusoma, lakini kuficha anajua.

Eloy Bistué

28 Septemba 1924

Wiki ya sita hapa. Kondoo wameanza kushuka kutoka Mlima Turmo, na barabara yote inanuka sufu iliyolowa. Don Babil, meya wetu, aliingia ofisini akanikuta nimejikunja kwa baridi. Akavua koti lake, akaniwekea mabegani. "Vaa, bwana karani. Ukifa kabla ya Martino nani atatuitia nyumba?" Kisha akacheka, akaniachia jibini nusu.

Mama angefurahi kumwona. Sijawahi kuwa na mkubwa wa kazi mwema kiasi hiki.

2 Oktoba

Mvua. Nimenakili orodha ya mifugo.

5 Oktoba

Leo tumepanda Castiaro ili nijifunze kazi yangu ya tarehe kumi na moja Novemba. Saa tatu kwa miguu. Don Babil alitangulia, mdogo wake Donato akafuata akipiga mluzi, mimi nyuma nikihema.

Kijiji kimekaa begani mwa mlima kama meno yaliyovunjika. Nyumba thelathini na moja, hakuna yenye paa. Kanisa lina kuta tatu. Tangu tauni ile ya mwaka elfu moja mia tatu na arobaini na nane hakuna aliyelala humo ila mbuzi. Wachache waliopona walishuka wakajenga Asquera, lakini malisho ya Turmo hawakuyaachia. Walikubaliana na majirani zao wa bonde la Osiello: kila Siku ya Mtakatifu Martino, adhuhuri, karani asimame mlangoni mwa kanisa aite nyumba zote kwa majina. Mwenye nyumba asimame kwenye kizingiti cha gofu lake ajibu, "Moto unawaka." Zikijibu tisa au zaidi, mlima ni wetu mwaka mzima. Zikipungua tisa, nusu ya malisho inakwenda Osiello, na hairudi.

"Mwaka jana zilijibu ngapi?" nikauliza.

"Tisa," akasema Don Babil.

"Na mwaka huu?"

"Tisa. Mbona umebadilika rangi?"

Donato akanionyesha ukuta wa uwanja wa kupuria ngano. "Wao hukaa pale, wale wa Osiello. Hawaleti chakula, hawaleti divai. Wanakuja kutuhesabu tu, kama kunguru."

Kila jina nikiita nitangoje kwa muda wa Baba Yetu moja kabla ya kuita lingine. Hata zile nyumba ishirini na mbili ambazo watu wake walikwisha zamani lazima niziite, na lazima ningoje.

11 Oktoba

Mvua.

14 Oktoba

Nilitumwa kwa mjomba Visorio (hapa kila mzee huitwa mjomba au shangazi, hata asipokuwa ndugu), mwenye Nyumba ya Matías, apige dole gumba kwenye karatasi. Ana miaka themanini na moja, hana mke wala mtoto. Yuko kitandani, kifua kinapiga kelele kama mvukuto wa mhunzi. Anahudumiwa na shangazi Orosia, aliyeingia nyumba hiyo kama mtumishi akiwa na miaka kumi na saba. Sasa amefika hamsini.

Mwanamke huyu ananiogopesha. Hakunikaribisha kiti. Alisimama kati yangu na kitanda, mkononi ana koleo la moto.

"Karatasi ya nini?"

"Ya kondoo, shangazi."

"Nisomee."

Nikamsomea. Akanitazama mdomo muda wote, kama anayetafuta neno nililoliruka.

15 Oktoba

Theluji ya kwanza kileleni. Chini, ukungu.

20 Oktoba

Sina budi kuandika hili polepole.

Mjomba Visorio amefariki jana mchana. Sikupewa habari na mtu. Leo asubuhi nilifungua daftari la vifo ili nisahihishe kosa la mwezi uliopita, Don Babil akaingia akalifunga, akaweka kiganja juu ya jalada.

"Hakuna aliyekufa, Eloy."

Nilidhani ni masihara. Akaketi mezani kwangu, akanieleza kama baba anavyomweleza mtoto. Nyumba ya Matías ni ya tisa. Mrithi ni mpwa wa marehemu aliye Zaragoza, na hawezi kufika, wala hajawahi kukanyaga Castiaro. Mjomba Visorio lazima awe hai mpaka adhuhuri ya Martino. Tarehe kumi na mbili nitaandika kwamba amefariki. Wiki tatu tu.

"Na mwili, Don Babil?"

"Uko mahali pa baridi."

Donato na nyumbu waliupeleka alfajiri kwenye shimo la theluji la Castiaro, lile wanalolishindilia theluji kila majira ya baridi na kulifunika kwa majani makavu ili idumu mpaka kiangazi. Don Babil alinieleza bila aibu yoyote. Babu yake mwenyewe, alisema, alilazwa darini miezi minne mpaka ardhi ilipolainika ndipo akazikwa, na hakuna aliyelalamika, hata babu. Hapa baridi huwatunza watu. Ni desturi.

"Lakini hao waliandikwa," nikasema. "Siku ile ile waliandikwa."

"Wewe ni kijana msomi, na sisi tulikuwa hatuna karani mwaka mzima. Familia mia moja na kumi zinakula kutoka mlima ule. Ukiandika leo, unawanyang'anya. Mimi sikulazimishi." Akanirekebishia kola ya lile koti lake. "Sikulazimishi hata kidogo."

Sikuandika. Nimeketi siku nzima mbele ya daftari lililofungwa. Tunaojua ni wanne: Don Babil, Donato, shangazi Orosia na mimi. Mji umeambiwa mzee ana homa ya kuambukiza, asitembelewe.

21 Oktoba

Sheria inatoa saa ishirini na nne za kuandikisha kifo. Zimepita.

24 Oktoba

Mvua, kisha mvua ya mawe. Sili vizuri. Mwenye nyumba yangu aliniuliza kama nimependa binti wa mtu.

27 Oktoba

Nimemwona shangazi Orosia kisimani. Amebeba ndoo mbili, moja ya mgonjwa asiyekuwepo. Wanawake wakamuuliza hali ya mzee. "Yule yule," akasema. Aliponipita hakugeuza kichwa. Nyumbani kwake bomba la moshi linafuka kama kawaida.

1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Padri anayetuhudumia anaishi Osiello, kwa hiyo ni mtu wa mwisho kupaswa kujua. Baada ya misa tukaenda wote makaburini na mishumaa. Yeye akanijia moja kwa moja.

"Bwana karani, nasikia mzee wa Matías hawezi. Nitapita nimpake mafuta."

Kabla sijajibu, Don Babil akatokea ubavuni pangu. "Ana homa mbaya, padri. Ukiipata wewe, mabonde mawili yatakosa misa ya Krismasi. Orosia anasema amelala fofofo."

Padri akamtazama Orosia. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mshumaa mkononi, bila kaburi la kuuweka. Akasema, "Amelala, padri." Nta ikamdondokea vidoleni, hakuipangusa.

Hapo nikaelewa kwamba wiki hizi zote nilikuwa najihurumia mimi tu. Mwanamke huyu amemwosha mtu aliyekaa naye miaka thelathini na mitatu, akamwona akifungwa juu ya nyumbu, na hajaruhusiwa hata kuvaa nyeusi.

4 Novemba

Panya wamekula nakala ya orodha ya nyumba, kwa hiyo Don Babil alinipa ufunguo wa kasha nichukue hati yenyewe ya ngozi niandike nakala mpya. Makarani walionitangulia walikuwa wakinakili nakala ya nakala. Sidhani kama kuna aliyeifungua ile ngozi katika miaka mia mbili. Ni Kilatini kibaya, wino umefifia. Nilikaa nayo dirishani tangu asubuhi hadi mwanga ulipokwisha.

Baada ya majina ya nyumba kuna mistari minne ambayo haimo katika nakala yoyote. Naitafsiri neno kwa neno: *Na kwa kila nyumba ajibu yule atunzaye moto wake, awe mume au mke, mzaliwa au mgeni, kwa maana tauni haikutuachia warithi. Na ajibuye nyumba adhuhuri hiyo, nyumba ni yake na fungu lake la mlima ni lake, maadamu anautunza moto.*

Nimesoma mara kumi. Kumbe hatukuhitaji kumficha! Kumbe shangazi Orosia angeweza kujibu mwenyewe, kwa haki, na mzee akazikwa siku ya pili kama watu. Kesho asubuhi namwambia Don Babil. Atanikumbatia.

5 Novemba

Hakunikumbatia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisome tena, taratibu. Kisha akainuka akafunga dirisha.

"Nani mwingine amesikia?"

"Hakuna."

"Basi hujasoma kitu."

Nikamwambia labda hakunielewa, mlima ungebaki wetu vile vile. Akasema amenielewa sana. Mpwa wa Zaragoza hataki nyumba ya milimani. Ameshakubaliana naye: Nyumba ya Matías pamoja na fungu lake itakuwa ya Donato, ambaye anataka kuoa.

"Na shangazi Orosia?"

"Nimemwahidi atakaa hapo baridi yote. Kisha ana dada yake Huesca." Akakunja uso. "Unataka mtumishi akae baraza moja na mimi? Leo Orosia, kesho kila mfagizi wa bonde hili atadai nyumba anayofagia. Fikiri, Eloy. Umesoma, lakini hufikiri."

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, kwamba kama mzee amekufa na Orosia haruhusiwi, siku ya Martino nani atajibu.

"Visorio. Atapanda juu ya nyumbu, amefunikwa blanketi mpaka puani, mgonjwa maskini, asiyetaka kuuangusha mji wake. Donato anajua kukohoa."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania.

"Na usisahau," akasema akiwa mlangoni, "daftari la vifo unalishika wewe. Mimi sina mwandiko mle."

Nimelivua koti lake. Ofisi ina baridi kali.

6 Novemba

Nimeshindwa kunakili hata mstari mmoja.

8 Novemba

Shangazi Orosia alikuja ofisini saa nne asubuhi, wakati Don Babil yuko malishoni. Akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Nimekuja kuomba tarehe," akasema.

"Tarehe gani, shangazi?"

"Yake. Utakapoandika, andika ya kweli. Nina sala za mwezi na za mwaka za kumwombea. Mkiandika kumi na mbili nitakuwa namwombea siku ambayo hakufa. Sitaki kumchanganya."

Nilitaka kumwambia aende, kwa sababu hatua za mtu zilikuwa zikipita nje. Badala yake nikatoa hati kashani, nikamsomea ile mistari minne kwa lugha yetu.

"Soma tena."

Nikasoma.

"Tena."

Mara ya tatu alikuwa ananitazama mdomo kama siku ile ya kwanza, na safari hii nikafahamu: watu wamemsomea mambo mengi maishani, wakiruka maneno.

"Mgeni pia?" akauliza.

"Mgeni pia."

"Donato atakuwa kwenye kizingiti."

"Ndiyo."

"Na wewe utaandika nini?"

Nikamwambia naogopa. Ndivyo nilivyosema, mwanamume mzima wa miaka ishirini na mitatu. Nikamwambia nitafungwa, kwamba mama yangu ana mimi tu.

Hakunibembeleza wala hakunitukana. "Mimi pia naogopa," akasema. "Nimeogopa tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na uji nimepika kila siku." Akaondoka.

10 Novemba

Theluji. Wanasema njia ya Castiaro itapitika kesho, labda siku mbili zaidi. Mlango wa Ufaransa, ile njia ya kuvukia mpaka juu milimani, bado uko wazi.

11 Novemba

Naandika jioni hii hii, nikiwa ofisini, mlango nimeusukumia meza.

Tulipanda tangu alfajiri. Donato juu ya nyumbu, amefunikwa blanketi la marehemu, kofia ya marehemu, akikohoa kila tunapokutana na mtu. Shangazi Orosia alitembea kando yake, kama muuguzi, chungu chenye kifuniko kikining'inia mkononi. Nilidhani ni supu. Watu walimsifu mzee kwa ushujaa wake. Mmoja alilia.

Osiello walikuwa wameshafika, kumi na wawili, wamekaa juu ya ukuta wenye theluji. Mzee wao anaitwa mjomba Ponz, mrefu, hana meno ya mbele.

"Karibuni!" akapaza sauti. "Mnazidi kupungua, jamani. Mwakani mje na vinyago."

"Na ninyi mje na akili," akajibu Don Babil, watu wakacheka.

Wenye nyumba wakaenda kila mmoja kwenye kizingiti chake. Watu wanane, wamesimama wima kwenye milango isiyo na nyumba, na yule wa tisa ameketi. Orosia aliingia ndani ya gofu la Matías, nikamwona akiinama palipokuwa na meko.

Kengele ya chini ikapiga adhuhuri. Nikafungua hati. Don Babil alikuwa hatua tatu kutoka kwangu.

Sijui ni nani aliyesema. Ilikuwa sauti yangu. Nikasema kwamba kabla ya kuita nitasoma masharti, kama yalivyoandikwa, na nikasoma ile mistari minne, Kilatini kwanza, kisha kwa lugha yetu, kwa nguvu kiasi kwamba kuta zilinirudishia. *Mume au mke. Mzaliwa au mgeni.* Ponz alishuka ukutani. Don Babil hakusogea, lakini uso wake ulikuwa kama umefungwa kwa kufuli.

Nikaita. Nyumba ya kwanza: Moto unawaka. Ya pili, kimya, Baba Yetu moja. Ya tatu, kimya. Theluji ilianza tena. Ya nne ikajibu. Niliita nyumba za watu waliokufa miaka mia sita iliyopita na kuwangoja, na kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kilichopita. Zilipofika nane, nikaita, "Nyumba ya Matías."

"Moto unawaka," akasema shangazi Orosia.

"Moto unawaka," akasema Donato papo hapo, akakohoa.

Ponz akaja mpaka katikati ya njia.

"Nyumba moja, mioto miwili," akasema. "Karani, andika ipi ni ipi. Na yule mgonjwa ana kifua kizuri sana. Mjomba Visorio! Nakujua tangu utoto. Nivulie kofia."

Donato akamtazama kaka yake. Don Babil akanitazama mimi. Ingetosha niseme, "Ni mgonjwa, mwacheni," na ningekuwa nyumbani sasa nikinywa divai ya moto.

"Mjomba Visorio amefariki," nikasema. "Tarehe kumi na tisa Oktoba, mchana. Mimi ndiye ambaye sikuandika."

Makelele yaliyofuata siwezi kuyaandika. Watu wetu walikuwa hawajui. Mtu alinirushia donge la theluji lenye jiwe. Osiello wakapiga kelele kwamba ni udanganyifu, nyumba zimejibu nane, nusu ya mlima ni yao. Nikaona kwamba kwa uoga wangu wa mwezi mzima na ujasiri wangu wa dakika moja, nimezipotezea familia mia moja na kumi chakula chao.

Ponz akainua mkono. "Mama, wasema moto unawaka. Uko wapi?"

Orosia akasogea kando ya kizingiti. Ndani, kwenye jiwe la meko la nyumba isiyo na paa, palikuwa na moto mdogo, na chungu kando yake kimefunguliwa, kina majivu.

"Ni wa chini," akasema. "Wa kwetu. Nimeufukia leo alfajiri, nikaubeba. Haujazimika tangu niingie nyumba ile. Muulizeni yeyote kama amewahi kuona bomba letu halitoi moshi."

Watu wa Asquera wakatazamana. Mwanamke mmoja akasema, "Kweli. Hata mwaka ule wa mafua makubwa." Mwingine akasema, "Mimi huomba makaa kwake."

Ponz aliingia, akachuchumaa, akanyoosha viganja juu ya moto ule kwa muda mrefu. Nilidhani anaomba. Alipotoka alihesabu kwa vidole, akimaliza na kidole cha shangazi Orosia, ambacho alikishika kama cha mtoto.

"Tisa," akasema kwa uchungu. "Haya, twendeni, theluji inazidi. Na mzikeni yule mzee, hamna haya?"

Nikaandika: *Nyumba ya Matías, Orosia Lanaspa, mtunza moto.*

Njiani kushuka Don Babil alinisogelea. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Kesho nitawaita askari," akasema. "Karani mgeni, kijana, alificha kifo kwa sababu zake. Nani atasema vingine? Donato? Yule mtumishi?"

"Hati itasema kuhusu nyumba," nikajibu.

"Hati ni ya ofisi," akasema. "Na ofisi ni mimi. Mpwa ataleta wakili kutoka Zaragoza, wakili ataomba kuiona, nami nitasema panya."

12 Novemba

Tumemzika mjomba Visorio. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefariki jana. Padri hakunisalimu. Nimeandika kifo chake kwa tarehe ya kweli, na chini yake nimeandika kuchelewa ni kwangu na kwa amri ya nani. Shangazi Orosia, amevaa nyeusi, aliniomba nimsomee tarehe mara tatu.

13 Novemba

Askari watafika kesho, wanasema. Leo asubuhi navuka mpaka, kabla theluji haijafunga njia. Hati ya ngozi iko kifuani mwangu, chini ya shati. Ndiyo, nimeiba mali ya ofisi, liongeze hilo kwenye makosa yangu. Kasha sasa lina nakala yangu tu, na nakala hupuuzwa na mawakili.

Kwa hiyo, karani mwenzangu, sikiliza. Siku wakija na karatasi ya kumtoa shangazi Orosia, usibishane nao. Pokea, piga muhuri, sema unahitaji siku thelathini. Kisha niandikie. Bahasha iandikwe: Bi Maylis Cazaubon, duka la mishumaa, ng'ambo ya mto, Oloron, Ufaransa. Jina langu usilitaje. Agiza mishumaa ya Pasaka, hata kama ni Agosti, naye atajua barua ni ya nani. Kati ya Desemba na Aprili usiitume kwa njia ya mlima, italala chini ya theluji. Ipeleke Huesca, ipande treni ya kuzungukia pwani, itachukua wiki mbili. Kiangazi wape wachungaji, siku nne. Usinitumie salamu wala habari za kawaida, nitakufa kwa hofu kila bahasha ikifika. Andika tu ukinihitaji, nami nitakuja na hati, niisome mbele ya hakimu, halafu wanifanye watakalo.

Ukiweza kuja mwenyewe itakuwa bora zaidi. Mlango wa duka uko upande wa mto, wa kijani. Gonga kwa nguvu na uendelee kugonga, kwa sababu Bi Maylis hasikii vizuri, na mimi nitakuwa nyuma ya rafu nikidhani ni askari.